Kuchora magofu ya mahekalu kwa rangi za mafuta ukiwa Dodoma: maswali mnayouliza sana

Maswali haya yanakuja karibu kila wiki toka kwa watu wanaojifunza kuchora mandhari hapa mjini, wengine wako UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), wengine wanapiga simu toka Singida na Kondoa, na mengi yanafanana kwahiyo nimeyaweka yote sehemu moja. Sijayapanga kwa umuhimu, tafuta la kwako. Ila kama utasoma moja tu basi soma lile la "naanzia wapi", maana hapo ndo picha nyingi za magofu zinapona au kufa.

Kwanini mtu wa Dodoma ahangaike na hekalu la Wagiriki wakati mandhari yetu ipo?

Chora zote mbili, hamna anayekuzuia. Mimi napenda magofu ya mahekalu kwasababu ndani ya picha moja unapata jengo lililonyooka kwa vipimo, unapata kubomoka, unapata na miti na nyasi zinazorudi kuchukua eneo lake. Ukichora mlima ukikosea mteremko kidogo hakuna atakayejua, ila nguzo ikipinda kidogo tu kila mtu anaona, hata mtoto. Kwahiyo hekalu linakufundisha nidhamu ambayo ukirudi kwenye mawe ya Dodoma utaona mkono umebadilika.

Na jambo lingine, wachoraji wengi wakubwa wa mandhari walipitia kwenye magofu. Claude Lorrain aliyefariki Roma mwaka 1682, Giovanni Paolo Panini, Hubert Robert, Turner, Corot, Thomas Cole wa Marekani. Ukitaka kujifunza jinsi walivyofanya mwanga wa jioni unajikuta tu uko mbele ya hekalu lililobomoka.

Hivi Tanzania tuna magofu ya mahekalu?

Mahekalu ya aina ya Ugiriki au Misri hatuna. Tuna magofu ya miji ya Waswahili pwani, misikiti, majumba na makaburi: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara (yapo kwenye orodha ya UNESCO toka 1981), Kaole pale karibu na Bagamoyo, Kunduchi, Tongoni kule Tanga. Msikiti Mkuu wa Kilwa una kuba na matao ambayo mchoraji anaweza kukaa nayo mwaka mzima na asimalize. Husuni Kubwa, lile kasri lililobomoka pale Kilwa, ni ya karne ya 14, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Ukipata nafasi ya kwenda nenda, ulizia kibali mapema, na kumbuka pale ni sehemu za ibada na makaburi ya watu, huwezi kupanda juu ya ukuta ili upate engo nzuri.

Huku kwetu kati tuna Kondoa, michoro ya miambani ya Kolo, imeingia UNESCO 2006. Yale sio magofu ya jengo ila kwa mchoraji ni shule kabisa, nitarudi huko kwenye swali la udongo.

Sijawahi kutoka nje ya nchi, na hata Kilwa sijafika. Naruhusiwa kuchora hekalu ambalo sijaliona?

Ndiyo kabisa. Caspar David Friedrich wa Ujerumani alichora hekalu la Juno la Agrigento, kule Sicily, kati ya 1828 na 1830 hivi, na maisha yake yote hakukanyaga Italia. Alitumia picha iliyochapwa. Na picha imetulia, ina jioni ya kweli, kwasababu jioni alikuwa anaijua kwa kuishi nayo kwao, akaichukua akaipeleka kwenye hekalu.

Hiyo ndo njia yetu pia. Umbo la jengo utalitoa kwenye picha na ramani za vipimo, ila hewa, vumbi, rangi ya nyasi kavu na uzito wa jiwe vichukue kwa macho yako mwenyewe hapa hapa. Kuhusu picha za mtandaoni: tumia nyingi za jengo moja na sio moja tu, kwasababu simu ikiwa karibu inavuta nguzo za pembeni zinaonekana zinalala. Na picha aliyopiga mtu ni mali yake, ukitaka kuuza mchoro usiinakili kama ilivyo, omba ruhusa au changanya taarifa za picha nyingi uunde engo yako.

Naanzia wapi? Nikichora magofu yanaonekana kama lundo la matofali.

Jenga kwanza, alafu ndo ubomoe. Hili nalisema kila siku na nitaendelea kulisema.

Wengi wanaanza na nyufa. Wanaona ufa mzuri kwenye picha, wanauchora, wanaongeza kipande kilichovunjika, wanaongeza nyasi, mwisho hamna jengo pale. Gofu ni jengo ambalo sehemu yake haipo, kwahiyo lazima ujue lilivyokuwa limesimama zima. Chukua karatasi, chora mstari wa usawa wa macho, weka ngazi tatu za chini, weka nguzo zote kama zilivyokuwa mwanzo, weka boriti za mawe juu yake na ile pembetatu ya mbele. Parthenon ya Athens kwa mfano ilijengwa kati ya 447 na 432 kabla ya Kristo, nje ina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni, kila nguzo ina urefu wa mita 10 na ushee na upana chini unakaribia mita 2. Hizo namba sio mapambo, ndo zinakwambia nafasi kati ya nguzo na nguzo. Na wajenzi wake walikuwa na ufundi wa ajabu, nguzo zimetuna kidogo katikati na zimeinama kidogo kwenda ndani, ngazi zenyewe zimepinda kwenda juu katikati, kwahiyo ukizipiga kwa rula kavu kavu zitaonekana zimekufa.

Ukishakuwa na jengo zima kwenye karatasi ndo unaanza kubomoa, na unabomoa kwa sababu. Jiulize kilichoiangusha ni nini. Parthenon ilisimama zaidi ya miaka elfu mbili, ikaja kulipuka mwaka 1687 kwasababu Waosmani (Waturuki) walihifadhi baruti ndani na jeshi la Venice likapiga mzinga, ndo maana pengo kubwa liko katikati na ncha mbili zimebaki. Hekalu la Zeus kule Olympia liliangushwa na tetemeko, nguzo zimelala chini. Pale Athens kwenye hekalu la Zeus wa Olympos nguzo moja iliangushwa na dhoruba mwaka 1852 na mpaka leo imelala pale pale, mapande yake ya mviringo yamejipanga kama mkate uliokatwa slesi. Hiyo ni kwasababu nguzo za Wagiriki nyingi hazikuwa jiwe moja, ni mapande yaliyopandishwa moja juu ya lingine. Mchoraji anayejua hilo hachori nguzo imevunjika kama kijiti, anaipasua kwenye maungio.

Alafu uzito. Boriti ya jiwe haiwezi kuning'inia hewani, lazima iwe imekaa juu ya nguzo mbili. Kila jiwe lililoko chini lazima lilitoka mahali fulani juu, kwahiyo angalia pengo lako na lundo lako, vinalingana? Kama juu hapajapungua kitu na chini kuna lundo, mtazamaji hatajua kwanini ila picha haitamwingia. Na kumbuka mawe mengine hayapo kabisa kwasababu watu waliyabeba kujengea nyumba zao na kuchomea chokaa, kwahiyo ni sawa juu papungue na chini pawe peupe.

Kitu cha mwisho hapa, mviringo. Kila pande la nguzo ni duara, na duara likiwa karibu na usawa wa macho yako linabanika, likiwa juu au chini zaidi linafunguka. Fanya zoezi na ndoo na masufuria nyumbani, siku mbili tatu tu utaelewa.

Mwanga wa kule na wa huku una tofauti gani? Jua si ni lile lile?

Jua ni lile lile ila halipiti njia ile ile, na hapa ndo picha nyingi za kwetu zinajisaliti. Dodoma tupo kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita utosini kabisa, na hata Juni likiwa limeshuka sana bado liko kama nyuzi 60 juu. Vivuli vyetu vya mchana ni vifupi, vinajificha chini ya kitu. Athens iko kama nyuzi 38 kaskazini, na Desemba saa sita mchana jua lao liko chini ya nyuzi 30, yaani kama la kwetu saa mbili za asubuhi hivi. Kwahiyo wao mchana wote wa baridi wana kivuli kirefu, kila mfereji wa nguzo unaonekana, na hiyo kwetu tunaipata asubuhi na jioni tu.

Kingine, kule jua la mchana linakaa kusini siku zote za mwaka. Sisi Juni linakaa kaskazini. Parthenon imelala mashariki magharibi, kwahiyo ubavu wake wa kusini ndo unaota jua na wa kaskazini uko kivulini. Ukichora ubavu wa kaskazini umewaka jua la saa sita umehamisha hekalu bila kujua.

Ushauri wangu, chagua saa moja asubuhi au saa kumi na mbili jioni. Kaa nje hapa Dodoma wakati huo, tazama jiwe lolote kubwa, andika rangi unazoziona upande wa jua na upande wa kivuli, alafu peleka huo mwanga kwenye hekalu lako. Jua la chini linafanana sana popote.

Mawe ya hekalu nayapaka rangi gani? Nikiweka nyeupe yanakuwa kama chokaa.

Kwasababu sio meupe. Marumaru ya Parthenon ina chembe za chuma ndani yake, kwa miaka inakuwa na rangi ya asali. Mahekalu ya Agrigento ni jiwe laini la njano njano, ya Paestum ni jiwe la chokaa la kijivu na dhahabu, Misri kule Luxor na Philae ni jiwe la mchanga, Kilwa ni matumbawe na chokaa. Kila jiwe linavunjika kivyake: marumaru inabaki na kona kali, jiwe la mchanga linalika na upepo mpaka kona zinapotea, matumbawe yana vitundu vitundu.

Paleti ndogo inatosha: nyeupe ya titani, oka ya njano, siena ya kuchoma (kahawia nyekundu), amba mbichi (kahawia ya giza), bluu ya ultramarini, na nyekundu moja ya udongo. Upande wa jua nyeupe na oka na tone la siena. Upande wa kivuli usichukue nyeusi, chukua ultramarini na siena ya kuchoma zichanganye mpaka zipate kijivu chenye uhai, alafu kumbuka ardhi inarudisha mwanga juu, kwahiyo chini ya boriti, pale ambapo watu wanaweka giza, mara nyingi kuna rangi ya machungwa machungwa inayotoka kwenye udongo. Ukiiona hiyo mara moja hutaacha kuiona tena.

Nifanye mazoezi wapi hapa mjini?

Mawe ya kilima cha Simba, mawe yoyote makubwa ya pembezoni mwa mji, nyumba za tembe zilizoachwa vijijini. Tembe iliyoanguka paa ni gofu kamili: unaona nguzo za miti, unaona udongo wa juu ulivyoporomoka ndani, unaona ukuta upi umebaki na kwanini. Omba ruhusa kwa wenye eneo, watu wa huku ni wakarimu ila usijikaribishe. Jihadhari na kitu kimoja tu, jiwe letu la granaiti linamenyeka kwa maganda na kubaki mviringo, kwahiyo linakufundisha uzito na kivuli ila halikufundishi kona. Kona utazitoa kwenye matofali.

Hekalu la mbali linakuwa la bluu au la? Kwenye picha za Ulaya naona bluu, huku naona tofauti.

Unaona sawasawa. Hewa yenye unyevu inasukuma vitu vya mbali kwenda bluu. Huku kiangazi vumbi likiwa juu, milima ya mbali inakwenda kwenye krimu na waridi iliyofifia, na baada ya mvua, Januari au Februari, inarudi bluu safi. Chagua moja na uishike picha nzima, anga pamoja na kivuli.

Naweza kuweka mbuyu pembeni ya hekalu la Kirumi?

Unaweza, na una ukoo mkubwa nyuma yako. Karne ya 18 kule Roma kazi hii ilikuwa biashara kabisa, Panini alikuwa anakusanya majengo maarufu yaliyo mbali mbali anayaweka kwenye picha moja na wageni wananunua. Hubert Robert, Wafaransa walimwita Robert wa Magofu, alikaa Italia miaka 11 akarudi Paris na mikoba imejaa skechi, na mwaka 1787 alichora magofu ya Kirumi ya mji wa Nîmes, Ufaransa, kwa ajili ya kasri la mfalme akayasogeza yakae karibu kuliko yalivyo. Mwaka 1796 akaenda mbali zaidi, alichora ukumbi mkubwa wa Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ukiwa gofu, wakati jengo lenyewe lilikuwa zima na yeye mwenyewe alikuwa anafanya kazi humo!

Kwahiyo kubuni sio kosa. Sharti ni mwanga mmoja, kivuli kwenda upande mmoja, na kipimo kimoja. Mbuyu mkubwa ni mnene kuliko nguzo yoyote ya Parthenon, ukiuweka pembeni utaumeza hekalu, kwahiyo amua mapema nani mkubwa kwenye picha. Mimi ningeuweka mbuyu mbele kivulini na hekalu nyuma kwenye jua.

Niweke watu na mifugo?

Weka wachache. Mtu wa kawaida anafika kama sehemu moja ya sita ya nguzo ya Parthenon, ukimweka mmoja tu mtazamaji anapata ukubwa wa jengo hapo hapo. Na ng'ombe wanakaa vizuri sana, wala sio uzushi. Uwanja wa kale wa Roma, ule wa maseneta, ulikuja kuwa malisho ya ng'ombe kwa karne nyingi na Claude Lorrain aliuchora hivo mwaka 1636. Mtu aliyekulia Ugogo anajua ng'ombe anavyosimama, anavyolala, mkia unavyokwenda, huo ni utajiri, utumie. Usiwapange tu mstari.

Kuchora mahekalu ya miungu ya kipagani sio dhambi?

Swali hili naliheshimu na linatoka kwa Wakristo na Waislamu pia. Kuchora jengo lililoanguka sio kuliabudu. Wachoraji Wakristo wa zamani waliyatumia sana magofu kwenye picha za kuzaliwa kwa Yesu, Botticelli kwa mfano aliwaweka Mamajusi mbele ya magofu, wakionyesha enzi ya zamani imepita na mpya imeanza. Kama dhamiri yako bado inakusumbua, chora matao ya Kilwa, ufundi utakaojifunza ni ule ule.

Tapentaini na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) ni ghali. Kwani Singida na Dodoma si tuna alizeti, siwezi kutumia hayo?

Kuchanganyia rangi, hapana. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo, haipotezi maji, mafuta yenyewe yanavuta oksijeni ya hewani yanageuka kuwa kitu kigumu. Linsidi inafanya hivyo haraka kwasababu ya aina ya mafuta yaliyomo. Alizeti ya kupikia inakwenda polepole mno, picha itakaa inanata na vumbi la Dodoma litafanya sherehe juu yake. Ila alizeti ni nzuri sana kuoshea brashi! Futa rangi na kitambaa, sugua brashi kwenye alizeti, futa tena, malizia na sabuni ya kipande na maji. Utaokoa tapentaini nyingi na kichwa hakitauma.

Udongo mwekundu wa huku unaweza kuwa rangi?

Unaweza, na nikiwa na mtu mvumilivu hili napenda kumfundisha kuliko yote. Wekundu wa udongo wetu ni chuma iliyoshika kutu, kitu kile kile kilichopo kwenye siena na oka za dukani, na kile kile walichotumia waliochora miamba ya Kondoa, na bado kipo. Chukua udongo, loweka kwenye ndoo, koroga, acha mchanga utuame kidogo alafu mimina yale maji yenye rangi kwenye chombo kingine. Rudia mara kadhaa. Acha litulie, mwaga maji ya juu, anika, twanga, chekecha kwa kitambaa laini. Alafu saga na linsidi kidogo kidogo juu ya kioo mpaka iwe kama siagi. Usichukue udongo wa shambani wenye mbolea wala wa mfinyanzi mweusi, tafuta wa chini kabisa kwenye mkato wa barabara au shimo jipya.

Kanvasi zimeadimika mjini, nifanyeje?

Plaiwudi au hadibodi iliyopigwa msasa inafaa kuliko kanvasi ya bei rahisi. Au vuta kitambaa cha amerikani kwenye fremu. Chochote kile lazima kipate geso (rangi nyeupe ya kutangulizia) mikono miwili mitatu, kwasababu mafuta yakigusa kitambaa kitupu yanakiozesha.

Rangi za enameli kama za Tingatinga zinafaa?

Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na enameli juu ya hadibodi, na kwa mtindo ule wa rangi safi na kingo wazi zinang'aa vizuri. Kwa anga la jioni na jiwe linalofifia zinakauka haraka mno, huwezi kuzilainisha. Usizichanganye na rangi za mafuta kwenye picha moja.

Nichoree nje au ndani?

Skechi nje, picha kubwa ndani. Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes, aliyechora Roma kwa rangi za mafuta juu ya karatasi mwishoni mwa karne ya 18, aliwafundisha wanafunzi wake wasizidishe masaa mawili kwenye skechi moja, na jua likichomoza au kuzama nusu saa tu, kwasababu baada ya hapo vivuli vimeshahama na wewe unachora saa mbili tofauti kwenye karatasi moja. Kwetu jua linazama haraka kuliko kwao, kwahiyo hata hiyo nusu saa ni nyingi. Anza na vivuli.

Picha yangu imepasuka, na nyingine imejaa vumbi. Tatizo nini?

Kupasuka mara nyingi ni kwasababu safu ya chini ilikuwa na mafuta mengi kuliko ya juu. Chini nyembamba yenye tapentaini, juu ndo uongeze mafuta. Amba inakauka haraka kwahiyo ni nzuri kwa safu ya kwanza, nyeusi inachelewa kwahiyo isikae chini.

Vumbi: picha ikaushe imeegemea ukuta, uso umeelekea ukutani kwa mteremko, chumba ambacho hakifagiliwi kikavu. Joto letu linasaidia, siku chache mpaka wiki mbili safu nyembamba inashikika.

Na naomba hili mlichukue kwa uzito. Matambara yenye linsidi yanaweza kuwaka moto yenyewe, bila kiberiti, kwasababu mafuta yakikauka yanatoa joto na yakiwa yamekunjwa lundo joto halina pa kutokea. Usiyatupe kwenye kona wala kwenye mfuko. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yaweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Natakiwa kuipeleka Dar wiki ijayo na bado mbichi, vanishi nipake?

Vanishi subiri kama miezi sita, ukipaka mapema unafungia mafuta ndani. Kwa safari, tafuta picha nyingine ya ukubwa ule ule, zigeuze zitazamane, weka vipande vya kizibo kwenye kona nne ili nyuso zisigusane, zifunge kwa kamba na nailoni nje. Kwenye basi usiiweke buti ya chini, kule kuna joto na mizigo ya watu, shuka nayo mkononi. Mnunuzi mwambie wazi kuwa vanishi bado na mkubaliane utakuja kuipaka lini.